Mgeni Njoo, Mwenyeji Asiugue: homa ya mafua katika safari za Kitui na Makueni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukambani, ikifika Desemba, mambo hugeuka. Mgeni huja na unga wa ngano, mafuta ya kupikia na blanketi jipya la nyanya, na kabla sikukuu haijaisha nyanya huyo huyo yuko kitandani, kifua kimembana. Jamaa husema ni vumbi, au ni kubadilisha hewa. Huenda ikawa vumbi kweli. Lakini ukifuatilia ni nani aliwasili lini na kwa gari gani, mara nyingi utakuta homa ya mafua ilipanda gari Nairobi au Mombasa ikashukia kwenu bila kulipa nauli.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesafiri: mfanyakazi wa kiwandani anayerudi Mwingi, mwanafunzi wa bweni aliyefunga shule, dereva wa watalii anayewachukua abiria wa meli bandarini Mombasa na kuwapeleka Tsavo, na baharia anayerudi Wote baada ya miezi mingi majini. Nimemtaja baharia makusudi, kwa sababu meli za kitalii ndizo zinazoonyesha wazi kuliko chombo kingine chochote jinsi ugonjwa wa njia ya hewa unavyosafiri na watu.

Mtu anaweza kudhani meli ni mahali salama: bahari pande zote, upepo mwingi, hospitali ndogo ndani yake. Mambo si hivyo. Februari 2020 meli ya Diamond Princess ilizuiliwa bandarini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakakutwa na korona. Korona si homa ya mafua, lakini njia zao zinafanana, na homa ya mafua imekuwa ikizuka katika meli za namna hiyo tangu zamani. Watu kutoka nchi nyingi hula ukumbi mmoja, hushika vyuma vilevile vya ngazi, hukaa saa nyingi katika vyumba vilivyofungwa. Tena kuna jambo ambalo abiria hawalioni: safari ikiisha, abiria hushuka wakaenda zao, mabaharia hubaki. Wakiambukizwa na kundi hili, wanalipokea kundi lijalo wakiwa na virusi tayari.

Sasa litazame gari lako la Kitui. Abiria hushuka Kabati, wengine Kitui mjini, wengine huunganisha hadi Mutomo. Dereva na utingo hawashuki. Saa moja baadaye wanapakia upya kurudi Nairobi, na utingo yule yule aliyekohoa kuanzia Thika ndiye anayekuinamia sikioni akuulize umelipa au bado.

Na historia yetu iko hivyo hivyo. Septemba 1918, ile homa kuu ya mafua iliyoua watu duniani kote iliingia Mombasa kwa meli zilizotoka India, kisha ikapanda Reli ya Uganda kuelekea bara, wakati ambapo wapagazi na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia nao walikuwa wakirudi makwao. Reli hiyo ilipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, yaani iliikatiza Makueni ya leo. Miaka zaidi ya tisini baadaye, tarehe 29 Juni 2009, mgonjwa wa kwanza wa H1N1 nchini Kenya alithibitishwa Kisumu, na alikuwa msafiri: mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza aliyekuja na kundi la wenzake, ambao ilibidi wawekwe karantini hotelini. Chombo hubadilika, meli, garimoshi, ndege au nisani ya abiria 14, lakini mbebaji ni mtu.

Hesabu ya siku

Kabla ya kuzungumzia gari, ielewe hesabu hii, maana ushauri wote unaofuata umesimama juu yake. Tangu mtu avute virusi hadi aanze kuumwa hupita siku moja hadi nne, kwa kawaida mbili. Lakini anaanza kuambukiza wengine takriban siku moja kabla hajahisi chochote, na huendelea kuambukiza kwa siku tano hadi saba baada ya kuanza kuumwa. Watoto wadogo na watu wenye kinga dhaifu huambukiza kwa muda mrefu zaidi.

Basi chukua Jumamosi. Umekaa jioni karibu na mtu anayekohoa, kutoka Nairobi mpaka Wote. Jumapili umeamka mzima, umevaa vizuri, umekwenda kanisani, umeimba, umesalimia wazee wote, umembeba mtoto wa dada yako. Jumatatu alfajiri mwili unauma, koo linawasha, homa imepanda. Kufikia hapo kanisa na boma zima vimeshapata sehemu yao. Hukufanya ubaya wowote, hata hukujua. Ndiyo maana ushauri wa kwamba mgonjwa abaki nyumbani ni mzuri lakini hautoshi. Aliye hatari pia ni yule anayejiona mzima aliyetoka kwenye msongamano jana.

Kabla hujakata tiketi

Kama una miezi au wiki kadhaa mbele yako, fikiria chanjo. Chanjo ya homa ya mafua huchukua kama wiki mbili kujenga kinga, na hudungwa kila mwaka kwa sababu virusi hivi hubadilika. Kwa safari ya Krismasi, dungwa kufikia Novemba. Huku kwetu homa ya mafua haina msimu mmoja mkali kama Ulaya wakati wa baridi kali; inazunguka mwaka mzima, ikipanda na kushuka, kwa hiyo hakuna mwezi wa kusema sasa tumepona. Chanjo hii haimo miongoni mwa zile za bure ambazo watoto hudungwa kliniki. Utaipata katika hospitali na kliniki za kibinafsi, hasa miji mikubwa, na bei hutofautiana, hivyo piga simu kwanza uulize kama ipo.

Ukiniuliza nani adungwe kwanza kama pesa ni za mtu mmoja tu, nitasema asiwe wewe kijana mwenye afya. Awe mama mjamzito, mzee aliyepita miaka 65, mtoto wa chini ya miaka mitano hasa yule wa miezi sita hadi miaka miwili, au jamaa mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au anayeishi na virusi vya ukimwi. Hao ndio homa ya mafua huwashukia kwenye mapafu. Mtoto wa chini ya miezi sita hachanjwi. Kinga yake hutoka kwa mama aliyechanjwa akiwa mjamzito, na kwa wageni wenye adabu ya kutomsogelea wakikohoa. Blanketi jipya ni zawadi nzuri, lakini kumleta nyanya mjini siku moja akachanjwe ni zawadi ambayo hata yeye hatajua thamani yake, kwa sababu huenda asiugue.

Halafu kuna asubuhi ya safari. Umeamka na homa, misuli inauma kama uliyelima kutwa, kikohozi kikavu kimeanza. Tiketi umeshalipa, na likizo ni ya siku kumi tu. Najua. Lakini siku hizo za mwanzo ndizo zenye virusi vingi kuliko nyingine zote, na mbele yako kuna saa tatu au nne ndani ya gari lililojaa. Ahirisha. Mzigo unaweza kutangulia bila wewe, kama tunavyotuma vifurushi kwa magari kila siku, na pesa za mbuzi hutumwa kwa simu. Fika baadaye, homa ikishapoa.

Kuna safari zisizoahirishika, hasa mazishi. Ikibidi, vaa barakoa inayofunika pua na mdomo mpaka ushuke, kaa dirishani, na usipande lile basi la kukodi ambalo ukoo mzima umebanana ndani yake ukiimba nyimbo za maombolezo. Kuimba na kulia kwa sauti hutoa matone mengi kuliko mazungumzo ya kawaida. Panda gari jingine, hata likichelewa.

Barakoa si kitu kigeni Kitui. Mwaka 2020, wakati wa korona, kiwanda cha nguo cha kaunti cha KICOTEC kule Syongila kiligeuza vyerehani kushona barakoa. Ya kitambaa ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini ya hospitali inachuja vizuri zaidi, na zote mbili hufanya kazi kubwa zaidi zikivaliwa na yule anayekohoa. Kuivalia kidevuni ni kujipamba tu.

Vita vya dirisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye faida kubwa na ubishi mwingi.

Gari linatoka Machakos Country Bus saa kumi na moja jioni. Kuna joto, madirisha yako wazi, watu wanacheka. Likishapita Thika na jua kuzama, upepo unaanza kuuma. Mama wa kiti cha nyuma anamvuta mtoto kifuani na kusema, "Hebu fungeni hilo dirisha, mtoto atashikwa na homa." Utingo anaunga mkono. Dirisha moja linafungwa, la pili, la tatu, na ukifika Matuu vioo vyote vimefunga ukungu. Ukungu huo umetoka vifuani mwa watu. Unachokivuta sasa ni pumzi ya abiria wote waliomo, na mmoja wao akiwa na virusi, kila dakika vinazidi kujaa humo ndani.

Baridi haileti homa ya mafua. Virusi ndivyo vinavyoileta, na virusi havitoki kwenye upepo wa nje, vinatoka kwa aliye ndani. Lakini usimfundishe mama huyo sayansi mbele ya watu. Utashindwa na utaonekana huna adabu. Mwambie kwa upole, "Mama, tuache wazi kidogo tu hewa ipite, mtoto tumfunike vizuri." Mpe nafasi ahamie kiti kisichopigwa na upepo. Kisha dirisha la upande wako liache wazi upana wa kiganja, na umwombe wa upande wa pili afanye vivyo hivyo, maana hewa inahitaji mahali pa kuingilia na pa kutokea. Mkipishana na lori kwenye barabara ya vumbi, funga, likipita fungua. Dereva akiona mnaelewana hatawagombeza. Na beba sweta. Wanaofunga madirisha wengi ni watu waliosafiri na fulana moja.

Kama unaweza kuchagua, chagua gari la mchana, lisilobeba watu wa kusimama, na uepuke wikendi ya mwisho kabla ya Krismasi. Ukifika Wote, Kibwezi au Kitui mjini, boda boda ya kumalizia safari ina hewa tele, na kwa jambo hili moja inaishinda nisani, ingawa kwa ajali sitaisifu.

Treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa ina habari yake. Ile ya kaunti husimama Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na ni njia nzuri ya kutoka Mombasa ukaunganisha kwa matatu hadi Wote, au kupitia barabara ya lami ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui. Kosa lake ni kwamba madirisha hayafunguki, na katika daraja la kawaida unakaa ukitazamana uso kwa uso na mtu usiyemjua kwa saa kadhaa. Humo barakoa ndiyo dirisha lako. Ukiona aliye mbele yako anakohoa hovyo, na behewa lina kiti kitupu, hama bila kumkunjia uso.

Basi la Mombasa likisimama Mtito Andei watu hushuka kunyoosha miguu, kununua chai na mahindi ya kuchoma. Shuka hata kama huna haja ya kitu. Dakika kumi nje na milango wazi hubadilisha hewa ya gari zima. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula, si baada ya kula tu. Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926 ambalo hupokea wasafiri wa dini zote na kuwalisha bure; unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakula. Mtu anayesafiri kwa gari lake mwenyewe na familia hana sababu ya kutopumzika hapo.

Kuhusu mikono, niseme nionavyo. Wakati wa korona tulifundishwa kunawa hadi tukasahau hewa. Kweli, virusi hivi vinaweza kuishi siku moja au mbili juu ya chuma na plastiki, kwa hiyo vyuma vya kushikilia garini, noti na simu vinastahili tahadhari, na kichupa cha kitakasa mikono chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kina kazi yake. Usijiguse macho na pua kabla ya kunawa. Ila mtu aliyenawa mara kumi huku akipumua hewa ya gari lililofungwa amelinda mlango mdogo akaacha mkubwa wazi.

Wewe utingo na wewe dereva, mkisoma hapa: nyinyi ndio mabaharia wa barabara ya Kitui. Ukiwa na homa, siku moja bila gari ni hasara, lakini siku tano za kuugua bila mapumziko na kuwaambukiza wateja ni hasara zaidi. Mkishusha, acheni milango na madirisha wazi kwa muda kabla ya kupakia tena.

Siku nne za kwanza nyumbani

Kwa siku nne baada ya kuwasili, ishi kama mtu ambaye huenda amebeba kitu, hata ukiwa mzima. Si lazima ujifungie chumbani. Salimia, lakini si kwa kukumbatia wazee na kubusu watoto wachanga. Waambie wazi, "Nimetoka safarini, acheni nipumzike kwanza," na hakuna atakayekasirika. Kaeni nje. Boma la Mkamba lina mwembe au mti mwingine wenye kivuli, na chini ya mti huo hadithi zote za mwaka zinaweza kusimuliwa bila hofu kubwa. Sebule yenye watu ishirini na televisheni moja, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu, ndiyo ya kuepuka.

Swali gumu huja usiku: mtalala wapi? Nyumba ni ndogo na wageni ni wengi. Mgeni aliyetoka mjini asilale chumba kimoja na mzee wala mama mwenye kichanga kama kuna njia nyingine. Ikikosekana, laleni mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, na dirisha liachwe wazi kidogo huku neti ikiwakinga na mbu. Kila mtu na kikombe chake. Jikoni, moshi wa kuni humdhoofishia mapafu mzee anayekaa hapo kutwa, kwa hiyo hata kabla mafua hayajafika, kumhamishia kiti chake mlangoni ni msaada.

Maji ni shida sehemu nyingi za Kitui na Makueni, na kumwambia mtu anayenunua maji kwa mtungi anawe mara kwa mara bila kumwonyesha njia ni maneno tu. Toboa tundu dogo chini ya mtungi wa plastiki wa lita tano, lizibe kwa kijiti, uning'inize karibu na choo na jikoni pamoja na kipande cha sabuni. Ukichomoa kijiti maji hutoka uzi mwembamba, yanatosha, na mengi hayamwagiki. Sabuni ikiisha, jivu safi lisugue mikononi na uisuuze.

Ukishaugua

Wengi hupona ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kuchelewa. Pumzika, kunywa maji, uji na supu mara kwa mara. Parasetamoli hushusha homa na maumivu, lakini soma pakiti: vidonge vingi vya mafua vya dukani vina parasetamoli ndani yake, na ukiongeza ya pili juu unazidisha dozi bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Usimpe mtoto au kijana wa chini ya miaka 18 aspirini akiwa na homa ya mafua. Inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Amoksilini iliyobaki kabatini tangu mwaka jana iache. Ni dawa ya bakteria, na hapa tunazungumzia virusi. Ipo dawa ya virusi vyenyewe, oseltamiviri, ambayo huandikwa na daktari na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za kwanza. Kwa mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa sugu usisubiri kuona itakuwaje, nenda mapema ukaulize.

Asali ya Kitui inalainisha koo na kupunguza kikohozi, na hilo silipingi hata kidogo, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali kabisa, kwani inaweza kuwa na bakteria wanaoweza kutoa sumu tumboni mwake. Machungwa ya Makueni kula kwa raha yako. Hayazuii homa ya mafua. Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi kumewachoma watoto wengi. Na kama watu wawili wamejifunika blanketi moja, mmoja mgonjwa, hapo mmejenga matatu yenu wenyewe.

Lakini je, una hakika ni mafua? Hili ni muhimu sana kwa anayetoka pwani. Sehemu kubwa ya Ukambani haina malaria nyingi, kwa hiyo mtu akipata homa hapa hafikirii malaria haraka. Wewe uliyetoka Mombasa, Kilifi au Kwale unaweza kuwa umeumwa na mbu huko wiki mbili kabla. Homa yoyote baada ya safari ya pwani, pimwa malaria siku hiyo hiyo; kipimo cha tone la damu hupatikana zahanati na majibu hutoka upesi. Mombasa imepata pia milipuko ya homa ya dengi, ambayo huumiza macho kwa nyuma na viungo vyote, na kwa sababu dengi inaweza kuleta kutokwa damu, tumia parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, mpaka ijulikane ni nini. Na kikohozi kilichopita wiki mbili kisiitwe mafua tena. Kipimwe kifua kikuu, ambacho hupimwa na kutibiwa bure katika hospitali za umma.

Mtazame mtoto anavyopumua. Akiwa ametulia, hajalia, inua fulana yake, washa saa ya simu na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Wa chini ya miezi miwili akifikisha 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anapumua haraka mno. Ukiona nyama za chini ya mbavu zinazama kila avutapo hewa, midomo inageuka rangi ya buluu, hanyonyi, anatapika kila kitu, analegea au ana degedege, usingoje asubuhi. Kwa mtu mzima, dalili za hatari ni kushindwa kupumua vizuri, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, na homa iliyokuwa imepoa kisha ikarudi kwa nguvu na makohozi. Hiyo ya mwisho mara nyingi ni nimonia imeingia. Anza na zahanati iliyo karibu kama hali si mbaya, au mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, ambaye ana kipimajoto na anajua njia za rufaa. Hali ikiwa mbaya, nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Wote au Kitui mjini, au Makindu na Mwingi kwa walio upande huo. Jisajili na bima ya afya ya umma, SHA, kabla hujaugua, kwani usiku wa dharura si wakati wa kutafuta nambari ya kitambulisho.

Kurudi kazini

Usipande gari la kurudi mpaka upitishe saa 24 bila homa, na saa hizo zihesabiwe bila parasetamoli. Kushusha homa kwa kidonge saa kumi alfajiri ili upande gari la saa kumi na moja ni kukidanganya kipimajoto, na abiria wenzako ndio watakaolipa. Mpigie mwajiri mapema, na kama umepita hospitali omba karatasi ya mapumziko siku hiyo hiyo, kwa sababu kuirudia baadaye ni nauli nyingine.

Baharia anayerudi melini ana mtego wake. Kabla ya kupanda hujaza fomu ya afya inayouliza kama umekuwa na homa au kikohozi siku za karibuni, na hofu ya kupoteza mkataba humfanya mtu aweke alama ya hapana. Ukishapanda na homa ikakuchukua siku ya pili, utafungiwa kabini, utaulizwa ilianza lini, na wenzako wa chumba kimoja nao watawekwa chini ya uangalizi. Afadhali umpigie wakala wako ukiwa bado Emali, umweleze, na uombe tarehe nyingine kwa maandishi. Dereva wa watalii naye, kabla ya kundi jipya kupanda bandarini, afungue paa na milango ya gari, apanguse mikono ya viti, na abebe barakoa chache za akiba. Mgeni akianza kukohoa njiani kabla ya lango la Mtito Andei, umpe moja kwa heshima, paa likiwa wazi bado.